Mkono wa Smaranda

Turubai kuukuu halinyunyiziwi maji. Naanza na hilo, vijana wangu, kabla sijasahau, maana siku hizi naitafuta miwani huku nimeivaa. Turubai jipya, sawa, lilowanishe kidogo kwa nyuma, liache likauke, litajikaza lenyewe kama ngozi ya ngoma. Lakini kitambaa kilichopakwa rangi kabla bibi zenu hawajazaliwa, kikilegea, kiacheni kilegee. Mimi nilijifunza hilo kisiwani Nosy Be nikiwa na miaka ishirini, na aliyenifundisha alikuwa msichana wa miaka tisa ambaye alikwisha kufa zamani.

Mnanijua kama Bi Echati wa fremu, hapa Tanga. Wengi wenu hamjui kwamba kazi hii niliianzia Bukini, kisiwa kikubwa cha Wamalagasi, katika mji wa Mahajanga. Wazee wangu walitoka Ngazija. Nyumbani tulisema Kingazija, njiani Kimalagasi, na shuleni Kifaransa. Kiswahili nilichokuwa nacho wakati ule kilikuwa maneno machache ya chuo cha Kurani na ya biashara, nimekuja kukinyoosha huku baada ya kuolewa. Kwa hiyo watu nitakaowasimulia hawakusema hivi nisemavyo. Nawafasiria mwenyewe, na pale nitakapokosea watanisamehe, maana wote wamekwisha kutangulia.

Fundi wangu alikuwa Mjomba Kombo, kaka yake mama. Tulikaa mtaa mmoja, Antanimasaja, na karakana yake ilikuwa karibu na soko. Hakunichukua kwa uhodari wangu. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, yangu ilikuwa imetulia, na mama alikuwa amemwambia kwamba cherehani nimeiharibu mara mbili na hataki niiguse ya tatu. Nikaanza kwa kupiga msasa. Mwaka mzima nilipiga msasa, hata alama za vidole zikafutika na kikombe cha chai kikawa kinaniponyoka.

Tulitia fremu kila kitu: aya za Kurani, picha za arusi, vioo vya vinyozi. Nchi ilipopata uhuru, ofisi zote zilitaka picha ya Rais ukutani, tena kwa pamoja. Mjomba akanituma nipime vioo. Futi yetu ya mbao ilikuwa imekatika ncha, nami nikapima kuanzia pale ilipokatika kana kwamba ndipo penye sifuri. Vioo ishirini vikatoka vifupi kwa upana wa kidole. Nilikaa chini nikalia. Mjomba hakunigombeza. Alichukua vijiti vyembamba, akavipaka rangi ya dhahabu, akavipachika ndani ya kila fremu kuizunguka picha, na pengo likafichika. Wenye ofisi walitusifu kwa lile pambo. Shikeni ujuzi huo: ubao wa ndani huficha pengo lolote. Lakini mjue pia kwamba siku nilipoufahamu ndiyo siku nilipopata njia ya kudanganya.

Mjomba alikuwa na sharti moja. Alikuwa akisema, "Kazi yetu inaishia picha inapoanza. Mbao ni zako. Kilicho ndani ya mbao si chako."

Basi ikaja barua kutoka Nosy Be. Aliyeiandika alikuwa Madamu Ilinca, mjane wa Mfaransa aliyekuwa na shamba la milangilangi na mtambo wa kukamua mafuta ya maua yake. Yeye mwenyewe hakuwa Mfaransa. Alitoka Romania, nchi ambayo Mjomba ilibidi aiulizie kwa mwalimu wa shule. Fremu ya picha yake ilikuwa imeliwa na mchwa, na picha hataki itoke nyumbani. Mjomba asingeweza safari, goti lilikuwa limemvimba. Akanifungia randa ndogo, msumeno, gundi na mbao nne za palisandri, mti mgumu wa kule, ndani ya gunia, akanipandisha meli ndogo ya pwani, na mama akapeleka habari kwa mdogo wake, Mama Zahara, aliyeolewa Hell-Ville, mji wa Nosy Be, anipokee.

Nosy Be hunukia. Nawaambia kweli, harufu ya milangilangi inakupokea kabla hujashuka, na ukikaa siku tatu huisikii tena, inakuwa ndiyo hewa. Nyumba ya Madamu Ilinca ilikuwa juu kidogo ya shamba. Alinipokea barazani, mwanamke mrefu, nywele nyeupe zimefungwa kisogoni. Alinyoosha mkono kunisalimu, lakini aliunyoosha pembeni yangu, kwenye nguzo. Hapo nikafahamu kwamba alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Aliona mwanga na vivuli, basi.

"Wewe ndiye fundi?" akaniuliza kwa Kifaransa chake kilichokokota r.

"Fundi ni mjomba wangu, Madamu. Mimi ni mikono yake."

Akatabasamu. "Basi mikono ije imwone Smaranda."

Picha ilitundikwa chumba cha kulia, mbali na dirisha. Kimo chake kama mkono wangu kutoka begani hadi kwenye vidole. Msichana wa miaka tisa au kumi amesimama akikutazama. Amevaa shati jeupe la mikono mipana, limetariziwa mabegani kwa uzi mwekundu na mweusi, shingoni ana ushanga wa marijani. Nyuma yake ni giza tupu la kahawia. Mkono mmoja umeshika tunda la manjano linalofanana na pera kubwa, tunda la kwao ambalo huku halioti. Mkono wenyewe ulikuwa wa ajabu, lakini siku ile sikuutazama sana. Nilitazama fremu, iliyokuwa imebaki ganda tu. Nilipoigusa, kona moja ilimwagika kama unga.

Nikaitoa picha, nikailaza mezani barazani. Turubai lilikuwa limelegea, limefanya tumbo katikati. Nikajiambia, nikiiweka hivi ndani ya fremu mpya, watasema kazi mbaya. Ukweli ni kwamba nilitaka nikirudi Mahajanga niseme nimefanya na lile ambalo sikutumwa. Nikalowesha sifongo nikaipangusa nyuma yote, kama nilivyomwona Mjomba akifanya kwa vitambaa vipya. Kabla ya adhuhuri tumbo lilikuwa limekwisha, kitambaa kimekaza, nami nikaenda kwa Mama Zahara kula nikiwa na furaha kubwa.

Niliporudi, mezani kulikuwa na kitu kama magamba ya samaki. Nilidhani mpishi amepitisha samaki pale. Kisha nikaona rangi zake: manjano, waridi, kahawia. Kitambaa kilipojikaza kilinywea, na rangi kavu ya miaka mingi haikuweza kunywea nacho. Ilikuwa imepasuka na kuinuka. Uso ulikuwa salama, shati salama. Mkono na tunda vilikuwa vimebanduka karibu vyote. Hapo palipokuwa na vidole, nyuzi za turubai zilinitazama.

Madamu alikuwa amelala usingizi wa mchana. Niliyaokota yale magamba moja moja kwa ncha ya manyoya ya kuku, nikayatia ndani ya kibweta cha kiberiti. Sisimizi walikuwa wamekwisha kufika, na sijui walichukua mangapi.

Sasa sikilizeni nilichofanya, maana sijivunii. Nilitengeneza fremu nzuri. Nilikata kona zangu sawasawa, nikapiga msasa mpaka palisandri ikang'aa. Halafu nikachonga ubao wa ndani, mpana upande wa chini, wenye kupinda kidogo juu kana kwamba ni pambo, na nikaupachika mahali ambapo ulifunika mkono wote. Siku ya tatu nikaitundika. Mtu yeyote angesema picha ilichorwa hivyo tangu mwanzo, msichana hadi kiunoni. Na mwenye picha haoni.

Madamu Ilinca akapapasa mbao. Akapitisha kidole konani, akitafuta mwanya, hakuupata. "Mjomba wako ana mikono mizuri," akasema. Akaagiza chai, akaniketisha mbele ya picha, naye akaketi akiielekea kama mtu anayemtazama mgeni wake. Akaanza kunisimulia.

Smaranda alikuwa bibi yake, mama wa mama yake. Ndiye aliyemlea. Si msichana huyu wa pichani, bali yule mzee aliyekuja kuwa: mwembamba, mweusi wa mavazi, mwenye kufunga funguo kiunoni, hacheki. Nyumba nzima ilimwogopa. Kitu kimoja tu kilimchekesha, nacho ni ule mkono.

"Umeuona mkono wake?" Madamu akaniuliza.

Nikasema, "Ndiyo, Madamu."

"Aliyemchora alikuwa mchoraji wa picha za watakatifu wa kanisani. Hakuwahi kumchora mtoto. Uso alijitahidi. Alipofika kwenye mkono, akachora ule aliouzoea, mkono wa mtakatifu anayebariki. Vidole viwili juu, viwili vimekunjwa, halafu akabandika tunda hapo. Hakuna binadamu anayeweza kushika tunda namna hiyo. Kila mwaka matunda yalipoiva, sisi watoto tulipanga mstari mbele ya picha tukijaribu. Yanaanguka, tunacheka. Na bibi naye alijaribu, kila mwaka, na likimwanguka alicheka mpaka akakaa chini."

Akainua mkono wake akaukunja vile, mbele ya uso wangu. Akauelekeza kwenye picha, sawasawa mahali pale, penye ubao wangu.

"Niliolewa bila ridhaa yake," akasema. "Akaniambia nikivuka mlango nisiandike. Sikuandika, wala yeye hakuandika. Nilikuwa nimekaa hapa miaka kumi na moja, siku moja meli ikaleta kifurushi. Picha hii, imefungwa ndani ya mfarishi wa kitanda changu cha utotoni. Hakuna barua, hakuna neno. Mwaka uliofuata nikasikia amekufa. Mpaka leo sijui aliniletea zawadi au aliniletea mlinzi. Lakini nikiukumbuka mkono, nasema mtu hawezi kutuma mkono ule kwa hasira."

Chai yangu ilipoa. Chini shambani wanawake walikuwa wakiimba wakirudi na vikapu vya maua, naye alikuwa bado ameinua mkono, akingoja nicheke.

"Madamu," nikasema, "mkono haupo."

"Nini?"

"Mkono haupo. Niliumwagia maji, rangi ikabanduka. Nimeufunika kwa ubao ili usijue."

Aliushusha mkono taratibu akauweka mapajani. Nilitaka anipige, ningejua la kufanya. Kisha akaniuliza, "Vipande umevitupa?"

"Ninavyo kwenye kibweta."

"Nipe."

Nikampa. Akakitikisa sikioni, vikalia kama mchanga. "Toa ubao wako," akasema. "Halafu niambie kilichobaki. Kila kitu. Usiongeze."

Nikautoa. Nikaanza kumwambia: paji la uso lina nyufa nyembamba kama za kikombe. Jicho la kushoto kubwa kuliko la kulia. Chini ya mdomo kuna doa dogo, sijui ni uchafu au mchoraji alitaka. Ushanga ni shada tatu, na moja limepotea chini ya ukosi. Nilisema mpaka jua likaondoka barazani. Nilikuwa nimekaa na picha ile siku tatu, lakini jioni ile, nikiwa natamka kila nilichokiona kwa mtu asiyeona, ndipo nilipomwona Smaranda. Nilijihisi kama niko ndani ya lile giza la kahawia nyuma yake, nimesimama kimya, nasubiri ageuke.

"Hutaondoka mpaka umrudishie mkono," akasema Madamu.

Gundi yangu ya ngozi ingekuwa nzito mno kwa magamba yale. Yeye ndiye aliyekumbuka kwamba wachoraji wa watakatifu kwao walitumia gundi ya bondo, kile kifuko cha hewa tumboni mwa samaki. Mabondo yalikuwepo tele kwa wavuvi wa Hell-Ville, na Mama Zahara alinitafutia bila kuniuliza. Andikeni hili: bondo unaliloweka siku nzima, unalikatakata, unalitia kwenye kopo, na kopo unaliweka ndani ya sufuria ya maji ya moto. Lisichemke hata kidogo. Likichemka limekufa. Ukishika tone kati ya vidole viwili na likavuta uzi kama asali, chuja kwa kitambaa, tumia lingali na joto. Unapaka kwa ncha ya unyoya, unalaza gamba, unaweka karatasi iliyopakwa nta juu yake, halafu unakandamiza kwa mgongo wa kijiko kilichopashwa moto. Kipashe kiasi cha kuweza kukishikisha shavuni. Kisha unahesabu pumzi ishirini na unapumzika.

Tulifanya hivyo siku kumi na saba, kila alasiri, barazani. Nilipokuwa sijui gamba gani linakwenda wapi, Madamu aliketi mbele yangu na kuukunja mkono wake kama wa mtakatifu, na juu yake tukaweka pera kutoka bustanini. Nilitazama mkono wake, nikatazama kibweta, nikachagua. Pera lilianguka. Tukaliweka tena. Wakati mwingine alisinzia mkono ukiwa juu, nami sikumwamsha. Niliendelea, huku mtambo ukikoroma kwa mbali na mvuke wa maua ukipita kati yetu, mpaka sikujua vidole ninavyovibandika ni vya nani, vya mtoto wa pichani au vya huyu mzee anayeota mbele yangu. Sijawahi tena kufanya kazi katika utulivu kama ule. Nimeutafuta tangu hapo.

Vipande havikutosha. Ncha ya dole gumba haikuwepo, na upande mmoja wa tunda. Nikasema nichanganye rangi nijazie. Akakataa. "Usimchoree. Pasipo na rangi, paache."

Nilirudi Mahajanga nikamweleza Mjomba Kombo kila kitu nikiwa nimesimama. Aliendelea kupiga randa. Nilipomaliza akaniambia nianze upya, na mara hiyo akaacha randa. Akaniuliza juu ya bondo: saa ngapi, moto gani, uzi wa namna gani. Kisha akaniambia nisiguse picha ya mtu mpaka atakaposema mwenyewe. Alisema baada ya miezi minane. Haki yake.

Mwaka uliofuata Madamu Ilinca alikuja Mahajanga kufanyiwa macho. Tulisikia yuko hospitali, tukasikia ametoka. Halafu alasiri moja akaingia karakana mwenyewe, amevaa miwani minene kama chini ya chupa, nyuma yake wachukuzi wawili na kasha. Alikuwa amesafiri nalo kutoka Nosy Be, na tangu afunguliwe bandeji hakuwa amelifungua.

"Nimetaka tumtazame pamoja," akaniambia, na kwa mara ya kwanza alinitazama mimi, si nguzo. "Wewe ni mfupi. Nilidhani u mrefu."

Mjomba akafungua kasha, akaisimamisha picha juu ya meza ya kazi, mahali penye mwanga. Nikarudi nyuma. Nilikuwa najua kila kosa la mkono ule. Usiku mwingi nilikuwa nimeyahesabu kichwani, na sasa kulikuwa na macho.

Akasogea hadi pua ikakaribia turubai. Alianza na mkono. Alikwenda kidole kwa kidole, polepole.

"Ukucha huu umeuweka juu chini," akasema.

"Nitaubandua niugeuze, Madamu."

"Uache. Mtakatifu hatakasirika."

Mjomba akakohoa, na nikajua anazuia kicheko. Madamu akainua macho kwenye uso wa Smaranda. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ana umri gani huyu?" akauliza.

Nilidhani ananijaribu. "Miaka tisa, Madamu. Labda kumi."

"Nilipokuwa simwoni nilikuwa naongea naye kila siku," akasema. "Nilimjibu, nilijitetea. Kichwani mwangu alikuwa na funguo kiunoni." Akasogeza kidole mpaka karibu na shavu la msichana, hakuligusa. "Mtazame. Jino la mbele ndiyo kwanza linaota. Huyu hakuja kunilinda, Echati. Huyu ni mtoto, ametumwa kwangu peke yake, safari yote ile."

Akamwomba Mjomba kigoda. Mjomba akampa chake mwenyewe, ambacho hakuna mtu aliyekuwa akikalia. Madamu Ilinca akaketi mbele ya picha, akaanza kumsemesha kwa lugha yao, sauti ya chini, kama mtu anavyomsemesha mtoto aliyechoka na njia. Hatukuelewa neno hata moja. Mjomba akanionyesha kwa mkono nipige msasa taratibu, nasi tukaendelea na kazi.